Chapati za Posa Kwenye Mlango wa Mashine

Chekeni tu, nimeshazoea, maana tangu mwezi jana kila nikiingia kanisani hapa Garland, Texas, lazima mtu aniulize kama chapati za leo zimetoka jikoni ama kiwandani, kwa hivyo afadhali niwaeleze mwenyewe, na aibu yangu yote.

Mimi ni nesi, na kazini kwetu dawa za kuwekwa baridi huja ndani ya yale maboksi meupe mepesi yenye kuta nene, yale ukiyakwaruza yanamwaga chembechembe. Wenzangu huyatupa. Mimi (na msijifanye, hata nyinyi) siwezi kutupa kitu chenye mfuniko, tena chapati ukizifunga kwa taulo ukazitia humo, masaa yanapita na bado zinaunguza vidole. Nikayabeba nyumbani moja moja mpaka gari likakosa nafasi gereji, na mume wangu akasema, "Mama Kendi, chagua, ni mimi ama ni hayo maboksi." Nikayapanga kando ya barabara siku ya lori la taka za kurudishwa kiwandani. Lori likabeba chupa na magazeti, likayaacha maboksi yote pale pale. Jirani akanieleza kuna kituo upande wa Plano kinachoyapokea, lakini Jumamosi asubuhi tu.

Jumamosi hiyo ndiyo wazazi wa mchumba wa mdogo wangu Nyambura walikuwa wanakuja kwake kuleta posa, na mimi nilikuwa nimepewa kazi moja tu, chapati. Nyambura alinipigia nikiwa bado nasukuma. "Dada, mama yake haongei sana lakini anaangalia kila kitu. Please, usi-late." Nikamwambia atulie. Nikazitia chapati kwenye boksi kubwa kuliko yote, nikalisukuma ndani ya buti pamoja na yale matupu (hapo ndipo nilipojimaliza), nikasema nitapita kituoni dakika tano.

Kule hushuki garini. Unafungua buti kwa kitufe, wafanyakazi wanashusha, unaondoka. Sasa mimi macho yangu yalikuwa mbele, kwa sababu jamani, ile mashine! Kulikuwa na mlima mweupe ungeweza kuifunika nyumba yangu, watu wanaumwagia kwenye mdomo wa chuma, unasagwa na kuyeyushwa, na upande wa pili unatoka mche mmoja mdogo kama wa sabuni, mgumu kama jiwe. Miaka yangu yote ya kulimbikiza ingetosha kuwa kigoda. Nilibaki nimeduwaa mpaka mtu akagonga buti, akanipungia niende, nikaenda, bado nikimsifu Mungu kwa akili aliyowapa watu.

Kwenye taa nyekundu ya pili nikagundua gari halinukii chapati.

Nilirudi kituoni nikiingilia njia ya kutokea, nikaruka nje na gauni langu la kitenge, nikavuka mstari wa njano usiovukwa, na king'ora kikalia. Mashine ikazimwa. Ule ukimya uliniogopesha kuliko kelele. Foleni nzima ya magari ikashusha vioo kuniangalia. Msimamizi, mama wa makamo mwenye nywele za mvi, akaniuliza kwa Kiingereza kama nimeumia, nikamjibu kwamba mkate wangu uko ndani ya mlima ule, na bado ni moto.

Nilitegemea anifukuze. Badala yake akainua mkono, na wafanyakazi wake wote wakaja, wakaanza kuyagusa maboksi kwa viganja, moja baada ya jingine, polepole, kama watu wanaombea wagonjwa. Machozi yalinitoka, siwafichi. Watu nisiowajua wamesimamisha kazi yote kwa sababu ya unga wangu! Halafu kijana mmoja Mkongomani akapiga kelele kutoka kwenye mdomo wa mashine kabisa, "Mama, njo hii! Iko na moto!" ("Njo" yao ni "ndiyo" yetu.)

Nilifika posa nimechelewa. Nyambura alikuwa mlangoni, macho mekundu. "Wameshauliza mara mbili," akaninong'oneza. Mama wa mchumba akakata kipande, akatafuna, akauliza kwa upole ni nini kilichonichelewesha. Ningesingizia msongamano barabarani (Texas hii nani angebisha?), lakini gauni langu lilikuwa limejaa chembe nyeupe kifuani kote. Nikasema ukweli. Nyambura akafunika uso.

"Mashine yote wakaizima?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kwa ajili ya hizi?" Akachukua chapati ya pili, akavuta kiti karibu yangu, akashusha sauti mumewe asisikie. "Na televisheni mbovu, wanachukua? Gereji yangu kule Euless, mwanangu, haifungiki."

Basi Jumamosi hii nampeleka. Nimeapa sitabeba tena chakula na takataka gari moja, hata ndizi ya njiani nitaishika mkononi. Lakini kutoangalia ile mashine, hapo sitaapa.