Miche ya Dirishani kwa Mama

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika. Kila mtu alimwita Timazi, kama kile kipimo cha kunyooshea ukuta, hata mkewe akiwa amekasirika, kwa sababu alikuwa fundi mwashi na kuta zake hazikuwahi kupinda. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, ila mbishi kupita kiasi. Angeweza kubishana na mvua huku amelowa.

Yeye na mkewe waliishi katika nyumba ya marehemu baba yake, na chumba cha nyuma kilikuwa cha mama. Humo mama aliotesha miche ya nyanya. Uani kuku wa majirani hawakubakiza kitu, kwa hiyo aliotesha ndani, kwenye makopo ya siagi yaliyopangwa juu ya ubao chini ya dirisha. Miche yake ilikuwa mifupi, imeshiba shina, majani ya kijani kilichokolea. Majirani walikuja kuiomba, nao hawakuondoka upesi. Walikaa kitandani kwake, wakacheka, wakasengenya kidogo, kisha wakajiendea na kopo mkononi. Mama alikuwa mjane, lakini upweke haukujua mlango wa chumba kile.

Kisha Timazi akajenga stoo. Alikuwa amechoka kulaza saruji sebuleni. Akaijenga uani, nyuma ya chumba cha mama, akaacha kijia cha mtu mmoja kupita, tena kwa ubavu. Aliijenga mwenyewe huku akipiga mluzi, na alipomaliza akamwita mama atoke aione.

"Mama, hebu tazama kona hiyo!"

Mama akatazama. "Imenyooka, baba," akasema, akarudi ndani.

Msimu uliofuata miche ikaanza kuugua. Iliota vizuri, halafu ikarefuka ghafla kama kijana aliyebalehe, shina jembamba, majani ya manjano, mwishowe ikalala chini. Timazi alipoiona alicheka.

"Mama, unaizamisha! Hii ni nyanya, si mpunga."

Akachukua msumari, akayatoboa makopo yote matakoni. Mama akapunguza maji. Miche ikaendelea kulala.

Basi Timazi, ambaye hajawahi kuotesha hata mchicha, akageuka daktari. Muuza dawa za mimea alimweleza habari za kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina pale linapogusana na udongo. Akamwaga udongo wote, akaleta mwingine, akauchekecha kwa chekeche lake la mchanga, akaukaanga kwenye debe kuua vijidudu, mpaka mkewe akalalamika kwamba jiko linanuka shamba. Mama akapanda upya. Miche ikaota, ikarefuka, ikalala. Akaleta mbolea ya dukani, akaitia kwa mkono wa mtu aliyezoea kuchanganya zege. Safari hii majani yaliungua kingo kabla hata ya kulala.

"Labda ni mbegu," Timazi alisema.

"Labda," mama alisema. "Au labda mkono wangu umezeeka."

Timazi hakubisha. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye: yeye anayebishia kila kitu, neno lile aliliacha lipite. Tena jioni akamwambia mkewe, "Mama amechoka. Ni vizuri aachane na makopo, apumzike."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini, na mimi naona kwa macho yangu?"

Majirani nao, mmoja baada ya mwingine, wakaacha kuja. Mtu haendi kuomba miche iliyolala.

Siku moja, jua likiwa la utosini, Timazi alirudi nyumbani kufuata futi yake ya kupimia, aliyoisahau chumbani kwa mama. Alimkuta mama ameketi kizingitini, mlango wazi, akihangaika kutunga uzi.

"Mbona umekaa njiani, mama?"

"Humo ndani silioni tundu la sindano."

Timazi akampita, akaingia, akapapasa kitandani, akapapasa juu ya kabati. Ikambidi awashe taa, na huko nje mchana kweupe. Mkono wake ukabaki pale pale kwenye swichi. Aliizima tena, akatazama makopo. Miche yote ilikuwa imeinama upande mmoja, imenyoosha shingo kuelekea juu ya dirisha, penye mwanya mdogo wa mwanga uliobaki kati ya paa la stoo na paa la nyumba. Haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inalitafuta jua, na aliyeliziba jua ni yeye.

Alitoka, akachuchumaa kando ya mama.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua tangu ulipofika usawa wa dirisha."

"Sasa mbona hukusema?"

Mama aliviringisha uzi kidoleni. "Ulikuwa unapiga mluzi, baba. Tangu tumzike baba yako sikuwa nimekusikia ukipiga mluzi."

Timazi akaichukua sindano, akamtungia uzi.

Kesho yake hakwenda kazini. Aliibomoa stoo tofali kwa tofali, mkewe akipokea, saruji ikarudi sebuleni. Mwanga ukaingia chumbani mpaka chini ya kitanda. Mama alishukuru sana, ila hakuyagusa makopo. Alisema hana haraka. Wiki zikapita, na Timazi akaona apande mwenyewe.

"Nimwagilie sasa?" aliuliza kila asubuhi.

"Tia kidole kwenye udongo. Kama una unyevu, usiuguse."

Miche ikatoka mifupi, imesimama imara. Timazi akachukua kopo moja, akampelekea jirani yao mshona nguo, yule aliyekuwa akicheka kuliko wote kitandani kwa mama. Mshona nguo alilipokea langoni kwake, akashukuru, akatuma salamu kwa mama. Siku hizi, alisema, miche anainunua sokoni, ameshazoea. Hakuja.

"Hakuja nawe?" mama aliuliza Timazi aliporudi.

"Ana wateja, mama. Nitapita tena kesho, nimwambie aje akae kidogo."

"Usisumbue watu, baba," mama alisema, akasogea kitandani ili Timazi apate pa kukaa.