Dakika Nne Bila Mpiga Gitaa

Mkasi alisimamisha picha, akavua vipokea sauti na kuviweka mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Kisha akamwita mumewe, aliyekuwa akipiga pasi chumba cha pili.

"Baba watoto, hebu njoo unionyeshe shemeji yako yuko wapi hapa."

Mumewe alikuja na shati begani, akainama kwenye kioo cha kompyuta. Pale palikuwa na mama mmoja wa makamo, amekaza shingo na kutabasamu kama anapigwa picha ya pasipoti.

"Huyo si shemeji."

"Naona."

"Ni mgeni."

"Naona ni mgeni. Nimeshahesabu wageni sabini na mmoja. Shemeji yako anapiga gitaa dakika nne nzima, na namsikia mpaka kichwa kinauma. Kumwona ndio simwoni. Yuko wapi?"

Mume alifikiri kidogo. "Kwani hapo kulikuwa na mtu anaimba?"

"Hapana."

"Sasa je? Si ndio wakati wa wageni."

Mkasi alifumba macho. Kwa miaka kumi na tisa wawili hao walikuwa wakitengeneza dividii za harusi katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Mume alipiga picha, mke akakata na kuunganisha, na kwa kukata huko ndiko alikopata jina. Hata mama yake mzazi alishasahau kumwita vingine. Alikuwa amewahi kuondoa mvua kwenye harusi za watu, na wajomba waliokuwa wamelewa kabla ya hotuba, na mshumaa uliomwangukia mpambe. Mumewe naye alikuwa na kanuni moja tu, ila hiyo haikuvunjwa: wasemaji wakinyamaza, muziki ukibaki peke yake, watu wameanza kula. Hapo geuza kamera, pita meza kwa meza, kila uso sekunde tatu. Mtu akijiona kwenye diski ataitaka. Asipojiona, ataiazima kwa jirani.

Ila hii haikuwa harusi. Hili lilikuwa onyesho la kundi la Kutu, watu wanne wenye kazi zao za heshima ambao kila Jumapili, kwa miaka kumi na miwili, walijifungia kwenye karakana ya seremala na kupiga metali, ule muziki wa magitaa yenye kelele. Mwimbaji wao alikuwa muuguzi wa chumba cha sindano. Mchana aliwaambia watoto kuwa haiumi, kwa sauti laini kama pamba. Akishika kipaza sauti alinguruma kama lori lililokwama kwenye tope. Ngoma na besi zilikuwa mikononi mwa walimu wawili wa hesabu, waliogombana kimyakimya juu ya kila pigo. Gitaa la solo lilikuwa la fundi wa friji, kitinda mimba wa kwao Mkasi.

Fundi huyo alikuwa amepata kazi ya kutunza vyumba vya barafu kwenye meli za mizigo, mkataba wa miaka miwili, na angeondoka Jumapili. Bila yeye hapakuwa na Kutu. Ndipo wakaamua kufanya onyesho moja kubwa na kuliacha kwenye dividii, angalau wasitawanyike mikono mitupu. Kwa dada yake alikuwa na ombi moja: "Mengine kata unavyotaka. Ile solo usiiguse."

Sasa hapakuwa na cha kugusa. Kamera ya pili, iliyosimamishwa nyuma ya ukumbi kwa miguu yake mitatu, ilikuwa imeona nywele tu. Kuna jamaa alisimama mbele yake tangu wimbo wa kwanza, akatikisa kichwa saa nzima bila kupumzika, na Mkasi alimlaani jamaa huyo hadi kwa mababu zake.

Fundi alikuja Jumanne mchana, bado na ovaroli ya kazini. Aliitazama solo yake tangu mwanzo hadi mwisho. Nyuso zilipita moja baada ya nyingine, zikipunga mikono, huku gitaa likilia nyuma yao, na yeye akijitafuta bila kujali ni za nani.

"Shemeji," alisema mwishowe, "ulinigeuzia mgongo."

"Nilijua umepumzika."

"Napumzika kwa vidole kumi?"

"Sikiliza, shemeji. Kwenye harusi..."

"Nani kaoa?"

Fundi alisimama, akaipangusa mikono kwenye ovaroli ingawa haikuwa na kitu.

"Basi itoke bila mimi. Na Jumapili usihangaike kuja kuniaga. Nitachukua teksi."

Hapo Mkasi aliona ubaya wake. Mdogo wake alikuja kuishi kwao akiwa na miaka tisa, na tangu siku hiyo mtoto huyo na shemeji yake walikuwa kama kifungo na tundu lake. Gitaa la kwanza, la mitumba, lisilo na nyuzi mbili, mumewe ndiye aliyelileta nyumbani akilibeba mgongoni kama mgonjwa. Miaka miwili ya bahari kwa watu wawili walionuniana ni mirefu, na Mkasi ndiye angekaa katikati akipokea salamu za upande mmoja.

"Kaa chini," alimwambia mdogo wake. "Na wewe pia, kaa. Diski inatakiwa kwa wanaotoa nakala Ijumaa saa sita mchana. Alhamisi ukumbi una nafasi. Utavaa shati lile lile, tutafunga mapazia, utapiga ile solo peke yake. Picha nitaipandisha juu ya sauti ya siku ile."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Siijui."

"Huijui nini?"

"Hiyo solo. Niliitunga pale pale jukwaani. Ikija inakuja, dada, mimi siiandiki."

"Basi itabidi ujifunze."

Kwenye harusi asingejali. Watu wa harusi hutazama nguo. Lakini wapenzi wa metali hutazama vidole, kila kidole na waya wake, na wakikuta kidole kiko huku na sauti iko kule watakutukana kwa herufi kubwa. Kwa hiyo siku mbili fundi aliomba ruhusa kazini, akaketi kwenye kochi la dada yake na vipokea sauti masikioni, akijifunza kujiiga mwenyewe. Alirudisha nyuma, akasikiliza, akajaribu, akalalamika. "Huyu mtu ana haraka gani?" alinung'unika. "Nani alimtuma kupanda huku juu?" Mkasi, aliyekuwa akitengeneza menyu ya diski mita mbili kutoka hapo, alimjibu kuwa akimjua amsalimie.

Alhamisi walikuta viti vimepangwa juu kwa juu na mfagiaji akipiga deki. Walimwomba asubiri. Mume alipiga magoti mbele ya jukwaa, kamera begani, jicho kwenye vidole, na hakusema neno kwa shemeji yake wala hakuambiwa neno. Mkasi aliachia sauti kwenye spika ndogo.

Mambo yalikwenda vizuri kupita alivyotegemea. Vidole vilifuata sauti kama kivuli, hadi dakika ya pili na sekunde kumi. Hapo, kwenye sauti ya siku ile, noti moja iliteleza. Ilianguka kidogo tu, ikadakwa, safari ikaendelea. Kwenye picha mpya vidole vilipita pale pale bila kuteleza.

"Rudia," alisema Mkasi. "Hapo ulikosea."

"Sijakosea."

"Ndiyo maana nasema rudia. Siku ile ulikosea. Leo umepatia."

Akarudia. Akapatia tena. Mara ya tatu alijaribu kukosea, akakosea pengine. Mara ya tano alikosea mahali penyewe, lakini kosa lingine.

"Miaka kumi na miwili umekosea bure," alisema dada yake, "leo nakuomba kosa moja tu unanibania."

"Vidole vinakataa. Vimezoea kwenda penyewe."

"Ulivyokosea siku ile ulifanyaje?"

"Nilimwona yeye," alisema fundi, akionyesha kwa kidevu mtu aliyepiga magoti. "Kanipa mgongo, anawapanga watu wa safu ya tatu wasogeleane."

Mume aliishusha kamera. "Walikuwa wameachana sana," alisema chinichini.

Mara ya nane, mume alihamishia kamera bega la pili. Mara ya kumi na moja mfagiaji aliwaambia kuwa hata yeye sasa anaijua solo, na kwamba anaona ile ya leo ni nzuri kuliko ya kwenye spika. Fundi akadaka neno hilo.

"Unasikia? Dada, si uirekebishe hiyo noti kwenye kompyuta? Dakika moja tu."

"Hapana."

"Umeondoa mvua kwenye harusi za watu."

"Hao hawakuandika kwenye jalada 'moja kwa moja kutoka jukwaani'. Picha nimeshakubali kudanganya, tena kwa ajili yenu. Sauti siigusi. Twendeni, huyu mzee afanye kazi yake."

Ijumaa asubuhi wote watatu walikaa mbele ya kompyuta. Palibaki tundu la sekunde mbili, mahali vidole na sauti vilipoachana, na dawa ya tundu kama hilo ilikuwa ni kulifunika kwa uso wa msikilizaji. Nyuso zilikuwapo tele. Mkasi alifungua picha ya siku ya onyesho, akaenda dakika ya pili na sekunde kumi aone mumewe alikuwa amepiga nini saa ile ile.

Ilikuwa safu ya tatu. Watu wanasogeleana, mkono wa mpiga picha unaonekana ukiwaelekeza. Katikati yao amekaa mwanamke aliyeziba masikio kwa vidole vyote viwili, macho kayafumba, mdomo umepinda kama wa mtu aliyelazimishwa dawa chungu.

Mkasi aliipeleka mbele haraka.

"Rudisha," alisema mdogo wake.

"Kuna nzuri zaidi huku."

"Rudisha, dada."

Akarudisha. Wanaume wawili waliinamia kioo mpaka vichwa vikakaribia kugongana.

"Huyu," alisema fundi polepole, "ndiye aliyeniambia siku ile kwamba alikuwa anasikia raha."

"Mimi ananiambia hivyo hivyo nikipika," alisema mume.

Fundi alianza kucheka bila sauti, mabega yakipanda na kushuka, akamshika shemeji yake shingoni asianguke. Mume naye akacheka, kwanza kwa hofu, halafu kwa nafasi.

"Weka hiyo hiyo."

"Siweki. Kuna wageni sabini wengine, chagua."

"Ndiyo iliyokuwa mbele yangu nilipoteleza. Si umesema hutaki uongo?"

Mkasi alitazama saa, ilikuwa inakaribia tano na nusu. Alikata kipande cha sekunde mbili, akakipachika kwenye tundu, akaitazama solo nzima mara moja. Vidole, vidole, yeye, vidole. Ilikaa sawasawa, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Nakala mia tano, na kwenye kila moja yeye, dada wa mpiga gitaa, atakuwa ameziba masikio.

"Jumapili tunatoka saa ngapi?" aliuliza mume.

"Saa moja. Na usichelewe kama kawaida yako, shemeji, meli haisubiri wageni wapigwe picha."

Wakaanza kucheka upya. Mkasi alisukuma diski ndani ya kompyuta, akabonyeza, ikaanza kuzunguka.

"Tokeni mkachekee nje," aliwaambia. "Mnaitikisa meza."