Mashine ya Mahudhurio Iliyohamia Ndani

Mjukuu wangu, huyu wa binti yangu wa mwisho, ni karani wa mahudhurio pale chuoni, kwenye chumba cha masomo ya ziada. Mwanafunzi akikwama huenda hapo akaelekezwa upya na mwenzake aliyeelewa. Kazi ya mjukuu wangu ni kujua nani kaja na kaja kwa somo gani. Mlangoni pana mashine: unagusisha kadi, inalia, jina na somo lako vinatokea kwenye kioo.

Basi mashine ikawa inasema hakuna watu, na chumba kimejaa pomoni. Mkuu wa kitengo, anayeamini mashine kuliko macho yake, akatangaza: hali ikibaki hivyo, muhula ukiisha chumba kinakuwa stoo ya viti. Na karani hana kazi.

Mtoto akaja kwangu uso umemshuka.

"Bibi, wanapitia mlango wa nyuma. Hawataki kugusisha kadi."

"Kioo kinatazama wapi?"

"Nje, koridoni. Kila apitaye anasoma."

Nikacheka. Mimi nimejifunza kusoma nina wajukuu tayari, na kwenda darasani nilikuwa nazungukia uani, maana mashoga zangu walikaa barazani na midomo yao.

"Mwenye kidonda hakifungui sokoni," nikamwambia. "Haya, nenda."

Kesho yake akaazima bisibisi kwa fundi, akaing'oa mashine, akaifunga upande wa ndani, kioo kinatazama kabati. Watu waguse wakitoka.

Mkuu akaja juu.

"Nani kakuruhusu? Agizo linasema mlangoni!"

"Ipo mlangoni, mzee. Mlango una ndani na nje."

"Unanifundisha mimi?"

"Si ndiyo kazi ya chumba hiki? Karibu, gusisha kadi."

Vicheko vikabanwa kwenye madaftari. Wanasema kiburi kile kakirithi kwa baba yake. Waongo! Baba yake mpole kama maji ya mtungini.

Binti mmoja akamaliza hesabu zake, akagusisha, mashine ikalia. Akafuata mwingine, na mwingine, ikilia tu, mpaka mkuu ikabidi asogee kuwapisha. Akatazama kioo, majina yanafuatana.

"Iache hapo hapo," akasema, akaenda zake.

Muhula ulipokwisha viti vililetwa kweli. Vya kukalia.