Kichujio cha Wafula Mwingine

Nakumbuka Jumanne moja ya Julai, miaka ya tisini, nilipotoka kwenye chumba changu cha kupanga Kawangware 56, upande wa mtaa unaoitwa kwa namba ya basi, nikikimbilia kazini. Nilikuwa muuguzi mchanga katika kitengo cha kusafisha damu, kwenye hospitali moja mjini. Walikuja pale watu ambao figo zao zimeacha kufanya kazi. Mara mbili kwa wiki walilala kando ya mashine, damu yao ikapitishwa kwenye kichujio na kurudishwa mwilini ikiwa safi. Mwanangu, umeniambia unaanza kazi hiyo hiyo mwezi ujao. Ndiyo maana nakueleza jambo ambalo kwa miaka mingi sikulieleza hata nyumbani kwangu.

Siku hizo vichujio vilikuwa adimu. Kichujio hakikutupwa baada ya kutumika mara moja. Kilioshwa kwa dawa, kikabandikwa jina la mgonjwa na namba yake ya faili, kikawekwa rafuni kumngojea yeye peke yake.

Tulikuwa na akina Wafula wawili. Patrick Wafula alikuwa seremala wa Kawangware 46, upande wa pili wa mtaa wetu, mtu mpole mwenye makovu ya msumeno vidoleni. Alikuja Jumanne na Ijumaa. Peter Wafula alikuja Jumatano na Jumamosi. Aliishi Kibera, akiuza makoti ya mitumba pale Soko la Toi, na alipenda kutucheka tulivyovaa. Nilijivunia kuwajua wagonjwa wangu wote. Nilipoona wenzangu wakifungua faili kuhakikisha namba, niliwadharau kimoyomoyo. Niliona kwamba anayehitaji karatasi ili amjue mgonjwa wake hampendi.

Asubuhi hiyo mashine moja ilikuwa imeharibika na watu walikuwa wamejaa kwenye benchi. Niliangalia rafuni, nikaona "P. Wafula", nikachukua. Patrick alinitazama nikiunganisha mipira ya kupitishia damu, akawa kama anataka kusema kitu, kisha akafumba macho.

Nilijua kosa langu alipokuwa ameshaenda nyumbani. Nilikuwa nakiosha kile kichujio, nikaona namba iliyoandikwa chini ya jina. Ilikuwa namba ya Peter.

Sista Mueni, mkubwa wetu, mama wa Kitui aliyenifundisha kazi, alikuwa chumba cha pili akiandika. Ningeweza kumwita bila hata kupaza sauti. Badala yake nilikitupa kile kichujio, nikatoa kipya kabatini, nikakiandika jina la Peter, nikanawa mikono. Nilijiambia kwamba Patrick ameondoka akitembea mwenyewe, basi hakuna lililoharibika.

Wiki tatu baadaye majibu ya vipimo vya kawaida yalirudi, na Peter akakutwa na virusi vya homa ya ini, vinavyoambukizwa kwa damu. Niliisoma ile karatasi mara mbili, nikairudisha kwenye faili. Hata hapo nikanyamaza. Niliogopa kufukuzwa. Nilikuwa ninamsomesha mdogo wangu, na niliifanya hiyo kuwa sababu yangu, ingawa ukweli ni kwamba niliona aibu.

Baada ya kama miezi miwili Patrick naye akakutwa navyo. Dada yake, Nafula, alikuwa amesafiri kutoka Bungoma kuja kumpa figo moja. Vipimo vyao vilikuwa vimelingana na siku ya upasuaji imeshapangwa. Madaktari wakaiahirisha, halafu wakaifuta.

Siku walipoifuta nilimfuata Sista Mueni stoo nikamwambia yote. Alikaa juu ya katoni ya mipira, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia siku ile ile," akasema, "tungewapima wote wawili. Kuna sindano ya kumkinga mtu, lakini ni ya siku za mwanzo. Haingoji miezi."

Nikamwambia nilidhani nawajua wagonjwa wangu.

"Ulijua uso wa Patrick. Kichujio hakina uso." Kisha akainuka. "Twende ukamwambie mwenyewe. Mimi nitakaa kando yako."

Patrick alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, Nafula akimkunjia sweta. Nilisema, nikashindwa katikati, nikaanza tena. Patrick alinigeukia mimi.

"Sista, mimi niliona," akasema. "Ile yangu ilikuwa na doa kwa kifuniko. Hiyo ingine haikuwa nalo. Lakini nikaona nikiuliza, utadhani nakufundisha kazi."

Nafula aliweka sweta chini akatoka, na nikamsikia akilia kwenye korido. Kilio kile bado ninacho masikioni.

Nilisimamishwa kazi, baadaye nikarudishwa. Nilikuta Sista Mueni amebadilisha mambo. Majina yote matatu ya mgonjwa yaliandikwa kwa herufi kubwa pamoja na namba, wauguzi wawili walikagua, na mgonjwa mwenyewe alisoma karatasi ya kichujio kwa sauti kabla ya kuunganishwa. Asiyejua kusoma alisomewa. Patrick, bila kuombwa na mtu, alitutengenezea rafu mpya yenye visanduku, kila mgonjwa na chake. Alifariki mwaka uliofuata, bado akiwa kwenye mashine. Sikwenda kuzika Bungoma. Nilikosa uso wa kumtazama Nafula, na hilo nalo ninalijutia.

Basi mwanangu, sikiliza. Muulize mgonjwa jina lake kila siku, hata kama mmejuana miaka kumi, kisha linganisha na namba. Usione haya kufungua faili. Mgonjwa akikutazama kama mwenye swali, simamisha mikono yako umsikilize, kwa sababu wengi wanatuogopa na tunadhani wametulia. Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla hujapata muda wa kutunga sababu. Kosa langu la kwanza lilikuwa la haraka. La pili, la kunyamaza, nilikuwa na wiki nyingi za kulirekebisha, na sikulirekebisha.

Mungu akupe macho yasiyochoka na ulimi usioogopa. Wale watakaolala mbele yako wakiwa wamekuachia mkono wao, akujalie uwarudishe kwao wakiwa salama.