Mlima Bila Miwani

Kabla sijapata miwani nilikuwa mtabiri wa hali ya hewa wa mtaa wetu pale Mafiga. Sikuisomea kazi hiyo, na hata wewe unaiweza, ngoja nikueleze taratibu. Asubuhi unatoka nje na kikombe chako cha chai, unaitazama milima ya Uluguru, unajiuliza swali moja tu: imejifunika au haijajifunika? Ikijifunika hadi mabegani, usianike kitu. Mimi niliona bonge la kijani au bonge la kijivu, basi, na sikukosea.

"Shemeji, tuanike?" jirani yetu, muuza vitumbua na shoga wa mke wangu, alikuwa akiniuliza kutoka upande wa pili wa ua.

"Anikeni."

Siku ya kwanza ya miwani ikawa siku ya mpunga. Binti wa dada yake mke wangu alikuwa anaolewa, na mke wangu ndiye aliyeahidi mchele wa pilau. Mpunga ulikuwa bado na unyevu, ilibidi uanikwe kabla ya kwenda mashineni. Ukilowa, unavunda, na pilau inayonuka, ukoo hausahau.

Nikatoka na chai yangu. Kumbe kule juu kuna miti, mmoja mmoja. Kuna bati la nyumba ya mtu linawaka jua, kuna moshi wa shamba, kuna kijia chekundu, na kijiani nikaona kitu ambacho mpaka leo naamini ni mbuzi.

"Tuanike?" mke wangu akauliza.

"Kuna mbuzi."

"Nimekuuliza mbuzi?"

"Anikeni. Kweupe kabisa."

Wingu lilikuwa limetanda juu ya huyo mbuzi kama shuka. Sikuliona, nilikuwa namtazama yeye.

Mvua ilipoanza tulikimbilia turubai tuliloanikia, tukalikunja juu ya mpunga. Miwani ikiwa imelowa, sikuona nakunja nini.

"Shemeji, kuku wangu yuko wapi?" jirani akauliza.

Turubai likajibu.

"Usifungue," mke wangu akamwambia. "Kuku atavumilia giza, mpunga hauvumilii mvua."

Mvua ikapungua. Sasa mpunga ulianza kupata joto mle ndani. Kufungua mapema ni kuulowesha, kuuacha ni kuuvundisha. Mke wangu akautazama mlima, akanitazama mimi.

"Vua hiyo miwani."

Nikavua. Bonge la kijani, mpaka utosini.

"Fungueni."

"Una hakika?"

"Sioni mbuzi hata mmoja."

Akafungua. Kuku alitoka wa kwanza, akitembea kwa shida kwa shibe, na jua likawaka hadi jioni.

Siku ya harusi, sinia lilipowekwa mbele yetu, mke wangu aliinusa pilau kwanza. Akashusha pumzi. Kisha akatoa miwani yangu kwenye mkoba wake, maana tangu siku ile anaitunza yeye, akanivisha.

"Haya, sasa ona."

Nikaona. Kila punje imekaa peke yake, haijashikamana na mwenzake. Nikaanza kuzisifia, hii ndefu, ile imebeba rangi vizuri, mpaka jirani akaninyooshea kidole.

"Shemeji, kula. Nyama inaisha."