Sikio la Kushoto na Lori la Hasamba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu, hata niwe katikati ya kupalilia kahawa, mpaka wajukuu wanaulizana babu kapatwa na nini. Ni siku niliyopimwa afya ili niruhusiwe kuendesha lori. Nimesikia na wewe unataka kushika usukani wa magari haya makubwa yanayovuka mpaka pale Tunduma, na kwamba habari ya kupimwa inakunyima usingizi. Basi sogea karibu, nikueleze yaliyonipata mimi.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatawala. Mimi nilikuwa tanboi wa Mzee Nzunda. Tanboi ndiye anayekaa kando ya dereva, anayepakia mizigo, na anayeruka chini kuweka gogo nyuma ya gurudumu gari likisimama mlimani. Lori lenyewe lilikuwa la wakulima wa Hasamba. Wazee wetu walichanga baada ya mavuno mazuri ya kahawa, wakalinunua likiwa tayari limezeeka kwa mtu mwingine, lakini kwao lilikuwa jipya kabisa. Lilibeba kahawa na mahindi, likabeba wagonjwa, likabeba maharusi. Watoto walilijua kwa mlio kabla halijatokeza kwenye kona.

Mzee Nzunda alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyependa kuendesha kwa pupa. Ndiye aliyenifundisha kazi hiyo, pole pole, msimu baada ya msimu, mpaka nikawa naweza kulishusha lori lililojaa kwenye mteremko wa matope bila abiria hata mmoja kupiga kelele.

Sasa, kabla msimu wa kahawa haujafunguka, mzee huyo alikwenda hospitali ya misheni kupimwa macho. Aliporudi aliwaita wazee wenzake, akawaambia kwamba mtoto wa jicho ameanza kumwingia, kwa hiyo hataendesha tena. Mwanangu, hakuna aliyekuwa amemwona akikosea njia. Angeweza kunyamaza na kuendelea. Lakini aliweka ufunguo mezani akasema kazi yake nipewe mimi.

Nilifurahi nusura niruke. Kisha bwana wa serikali aliyehusika na leseni akasema kwamba kwa kuwa lori linabeba watu, dereva mpya lazima alete cheti cha daktari kinachoonyesha kuwa ni mzima. Hapo furaha yangu ikapungua.

Ilipungua kwa sababu mbili. Ya kwanza, sikio langu la kushoto lilikuwa halisikii tangu utotoni. Nyumbani walisema surua ndiyo iliyolichukua, tukaacha mambo hapo. Ya pili ni gharama. Karani mmoja wa duka kule Tunduma alimwambia baba kwamba cheti kinachokubaliwa ni cha daktari wa Mbeya anayewatibu walowezi, na kwamba malipo yake si ya mkulima. Jioni nilimwona baba amesimama zizini akimtazama ng'ombe wetu wa kulimia, yule tuliyemwita Kijivu, kama mtu anayeaga. Nikajua anataka kumuuza.

Moyo ulikataa. Tumuuze Kijivu, halafu daktari aseme sikio langu halifai? Asubuhi nikawaambia wazazi wangu kwamba udereva siutaki tena, nitavuka mpaka pale Nakonde na binamu zangu niende kwenye migodi ya shaba. Mama alilia. Nikafunga mzigo wangu hivyo hivyo.

Sijui ni nani aliyepeleka habari, maana jua halijapanda sana Mzee Nzunda akafika. Nilikuwa nimeinama uani nikifunga kamba. Akaja upande wangu wa kushoto, akaongea. Sikugeuka. Baba alinisimulia baadaye kwamba aliongea kwa muda, na mimi naendelea na kamba yangu. Mwisho akazunguka kuja kulia, akakaa kwenye kigoda.

"Yona," akasema, "sikio lako hilo nimelijua tangu mwezi wa kwanza ulipopanda gari langu. Mimi nilikaa kulia kwako, ndiyo maana tulielewana. Ukiwa dereva, anayekaa kushoto kwako utamsikiaje akikuambia kuna mtoto barabarani?"

Nikamwambia kwamba ndiyo sababu naondoka, kwa kuwa daktari ataninyima tu.

Akanitazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Unamkimbia daktari kama vile ni askari. Hakupimi ili akuzibie riziki. Anakupima kwa sababu ya mama zako na dada zako watakaokaa juu ya magunia, ambao hawawezi kuona unachokiona wala kusikia unachokisikia. Kama hufai, lijue neno hilo ukiwa umesimama chini, usilijue ukiwa mteremkoni na watu mgongoni. Mimi nimeambiwa sifai, nimekufa?"

Halafu akamgeukia baba, akamuuliza ni nani aliyesema lazima twende Mbeya. Baba akamtaja karani. Mzee Nzunda akauliza kama tulimuuliza yule bwana aliyekitaka hicho cheti. Hatukumuuliza. Tulikuwa tumekubali neno la mtu anayeuza sukari na chumvi. Kumbe mzee mwenyewe alishakwenda kuuliza, akajibiwa kwamba cheti cha daktari yeyote anayetambulika kinatosha, pamoja na wa hospitali ya misheni, ambako mkulima hulipa kidogo tu, na asiye na pesa huruhusiwa kupeleka kuni badala yake.

Baba alisimama akaenda zizini bila kuaga. Tukamsikia anamwambia Kijivu kwamba leo atalala nyumbani. Mama aliyekuwa analia akaanza kucheka, na mimi nikafungua mzigo.

Tulikwenda na Mzee Nzunda kwa miguu, mimi nimejitwika kuni begani. Kule hospitali alitupokea muuguzi mmoja mnene, mchangamfu, jina lake Dada Tabita, mtu wa huku huku kwetu. Alinipima urefu na uzito, akasikiliza kifua, akaniambia niziangalie alama zilizobandikwa ukutani na kuonyesha kwa vidole zimeelekea wapi. Nilizionyesha zote. Nikatamani mambo yaishie hapo.

Akasema sasa atasimama nyuma yangu anitajie maneno kwa sauti ya chini, nami niyarudie. Kabla hajaanza, nikamwambia mwenyewe kwamba la kushoto halisikii. Yeye akajibu kawaida tu, kama vile nimemwambia kwamba nimekuja na kuni, "Vizuri umesema. Ngoja tuone kwa nini."

Kwa nini. Mwanangu, katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyekuwa ameuliza hivyo.

Akamwita daktari, Mzungu mmoja mrefu aliyeongea Kiswahili cha kuvuta. Daktari akachungulia sikioni kwa kifaa chenye taa ndogo. Akachungulia tena. Akampa Dada Tabita naye achungulie, na huyo mama akajifunika mdomo. Wakanimiminia mafuta ya uvuguvugu, wakaniambia nikae kwenye benchi nimelaza kichwa mpaka alasiri. Mzee Nzunda alikaa nami. Alinifukuzia nzi.

Alasiri daktari akachukua chuma chembamba chenye ncha iliyopinda, akaniambia nisipumue kwa nguvu. Kikavuta kitu. Kwanza nilisikia maumivu, halafu mkwaruzo mkubwa kama gunia linaloburutwa kwenye sakafu, na halafu, mwanangu, ulimwengu ukaingia kwa mlango mwingine. Mtoto alikuwa analia chumba cha pili na nilijua analia upande wa kushoto. Mtu aliangusha sufuria nikaruka. Daktari akanionyesha kiganja chake. Palikuwa na punje ya mahindi, nyeusi, imeviringishwa na nta ya miaka yote ile.

Surua haikuwa na kosa lolote. Niliitia mwenyewe mahindi yakipukuchuliwa, au nilitiwa na mwenzangu tukicheza, hakuna anayejua. Dada Tabita alicheka mpaka akakaa chini. Alisema nimshukuru Mungu kwamba haikuota.

Wakanipima upya, nikarudia kila neno kwa masikio yote mawili, na cheti kikaandikwa. Tulipotoka nje, Mzee Nzunda akanisimamisha njiani, akaja upande wa kushoto, akanong'ona: "Miaka yote nilikuwa nakutukana upande huu kwa kuwa najua husikii." Nikamwambia sasa nasikia. Tukacheka njia nzima, wazee kwa vijana tuliokutana nao wakitushangaa.

Msimu ulipofunguka niliendesha lori la Hasamba kwenda Tunduma, magunia ya kahawa yamepangwa, na akina mama wamekaa juu yake. Walianza kuimba tulipotoka kijijini. Huko nyuma nilikuwa nasikia nyimbo zao kama kitu cha mbali. Siku hiyo waimbishaji walikuwa kulia na waitikiaji kushoto, na mimi katikati yao, nikajifuta macho kwa mkono wa shati ili nione barabara. Mzee Nzunda alikuwa amekaa mahali pangu pa zamani, abiria kama abiria wengine, anaimba.

Basi ninachokuambia ni hiki, mwanangu. Nenda ukapimwe, na uende mapema, kabla kazi haijakuharakisha. Kabla hujauza kitu cha nyumbani, muulize anayekitaka hicho cheti ni madaktari gani anaowakubali, kisha tafuta hospitali inayotambulika iliyo karibu, maana si kila kilicho ghali ndicho kinachotakiwa. Ukifika usifiche ugonjwa wako, sema kinachokusumbua kabla hujaulizwa. Mengi tunayoyabeba kama kilema yana dawa, na tumeyabeba tu kwa kuwa hatukuuliza kwa nini. Na ikiwa utaambiwa hufai, kubali kama alivyokubali yule mzee. Nimeendesha miaka mingi, sijamwona mtu aliyeheshimiwa kuliko yeye.

Mungu akupe macho maangavu na masikio yaliyo wazi. Barabara ikupokee na ikurudishe, na kila atakayepanda gari lako ashuke kwa miguu yake akiwa anaimba.