Mbuzi Ambazo Hazikurudishwa: Kutoka Mwingi Hadi Nunguni

Sababu ya safari hii ni simu. Syombua alinipigia Jumatano jioni nikichambua ndengu mlangoni. Hakuuliza habari za nyumbani. Alisema tu, "Mama Mwikali, hizo mbuzi za ntheo yangu zilirudi lini?"

"Hazikurudi," nikasema.

"Basi uje umwambie ndugu yangu, maana mimi akiniangalia haniamini." Akakata.

Nieleze, kwa wale ambao hawako katika kikundi chetu cha akina mama. Mimi natunga hadithi. Shule niliachia darasa la nane, na kila nikiandika ukurasa najiuliza ni nani aliniruhusu. Natunga juu ya wanawake wa umri wetu wanaoanza maisha upya: aliyeachwa, aliyefiwa, aliyefutwa kazi watoto wakiwa wamekua. Naandika, halafu nasoma kwa simu na kutuma sauti kwa kikundi, kipande kimoja kila Jumapili baada ya ibada. Wao huwatumia dada zao, na dada zao huwatumia wengine.

Ile iliyopendwa kuliko zote ni ya Ndinda. Ndinda ni Syombua. Tulikuwa majirani Mwingi miaka mingi. Mume wake alihamia kwa mwanamke mwingine. Upande wake sijausikia, kwa hivyo nitaacha hapo. Syombua alikuwa na miaka arobaini na minane. Alifunga vitu vyake akarudi kwa baba yake, Nunguni, akaanza kuuza miche ya avokado. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika, akacheka: "Andika tu, lakini unifanye mwembamba."

Ruhusa nilikuwa nayo, basi. Lakini nilipofika katikati, hadithi ililala. Mume alikuwa ameshaondoka, na mtu ambaye hayuko huwezi kugombana naye. Nikampa Ndinda mama mkwe mbaya. Huyo hakutoka kwa Syombua, alitoka kichwani mwangu. Na katika kipande cha mwisho nikamfanya yule mama mkwe aende kwa baba ya Ndinda kudai mbuzi za ntheo zirudishwe. Kila Mkamba anajua uzito wa hilo. Ntheo ni mbuzi ambazo mume hupeleka kwa kina msichana, na zikipokelewa, huyo ni mke. Zikirudishwa, hakuna ndoa tena, na watu wa pande hizo mbili hawaitani wakwe. Nililitafuta jambo baya kuliko yote ambalo mama mkwe anaweza kufanya, nikaliona hilo, na nikafurahi nilipoliona.

Mwingi, Ijumaa asubuhi. Mutua, ambaye hufuata kabichi Nunguni na kuziuza kwetu sokoni, alinipa nafasi mbele kwenye pikapu yake. Nyuma kulikuwa na magunia matupu tu. Tulipopita malori ya barabara ya Garissa akaniangalia kwa upande.

"Mke wangu alilia na hiyo hadithi yako, Mama Mwikali. Akaniuliza kama mama yangu anaweza kudai mbuzi."

"Ukasema nini?"

"Nikasema mama yangu hata kuku hajui alipeleka wapi." Akacheka peke yake. "Lakini yule mama mkwe wa Ndinda, wallahi nikimkuta barabarani simbebi."

Siku nyingine ningefurahi. Nilitazama nje mpaka Kitui mjini. Sikumwambia naenda kufanya nini. Nilisema naenda kumtembelea rafiki, na hiyo nayo haikuwa kweli kamili.

Tulipita Kwa Vonza bila kusimama, tukapita Machakos, tukashika barabara ya Mombasa. Baada ya Salama tukaanza kupanda. Mtu wa Mwingi akifika huko anahisi ni kama ametolewa kwenye jiko. Udongo ni mwekundu, vilima vimekatwa matuta kutoka chini mpaka juu, na ukungu unakaa barabarani hata saa sita haujaondoka. Nilivaa leso mbili juu ya sweta. Ningekuja kwa jambo jema ningewaandikia mengi juu ya uzuri wa pale. Niliuona, lakini niliuona kama mtu anayepelekwa kwa chifu.

Nunguni, mchana. Syombua alinipokea njiani amevaa gambuti. Amenenepa, na uso wake umepumzika. Alinishika mkono lakini hakuukaza. Tulipofika kwenye kibanda cha miche nikaona bibi mmoja ameketi juu ya gunia, anajaza udongo kwenye vikaratasi vya nailoni. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu.

"Huyu ni mama mkwe wangu," Syombua akasema. "Mwaitu Kalunda." Mwaitu kwetu ni mama.

Nilimwona huyo mama zamani mara mbili, kwenye harusi na kwenye matanga. Nilidhani yuko kwao, upande wa mwanawe. Sikuwahi kuuliza.

"Wewe ndiye ile sauti?" bibi akauliza.

"Ndiyo, Mwaitu."

"Nilidhani ni mtu mnene."

Akaendelea na udongo wake. Syombua akanipa chai, na nikiwa nimeishika bila kunywa akanieleza. Siku alipokuwa anafunga vitu, siku ambayo mimi sikuwa Mwingi, Mwaitu alikuja na kiti chake na kuku mmoja, akamwambia mwanawe mbele ya watu: "Wewe umehama. Huyu ndiye nilipokea akiwa msichana, nahama naye." Mwanamke wa miaka sabini na zaidi akaondoka kwake akaenda kukaa kwa wazazi wa mke wa mwanawe, jambo ambalo sijasikia mwingine amefanya. Baba ya Syombua alimpokea kwa sababu moja: ndoa haikuvunjwa, mbuzi zilikuwa zimekaa, kwa hivyo huyo alikuwa mkwe wake, na mkwe hafungiwi mlango.

Halafu baba akafa. Ndugu ya Syombua, Musyoka, akatoka kazini Mombasa akashika boma. Wakati wa mambo haya yote yeye hakuwa nyumbani, na aliyekuwepo kwa mambo ya mbuzi yuko kaburini. Musyoka aliishi na Mwaitu kwa heshima bila shida. Ndipo wanawake wa mwethya, lile kundi la kulimiana mashamba kwa zamu, wakaisikiliza hadithi yangu wakichimba matuta. Mmoja alimtambua Syombua kwa miche ya avokado. Wakamuuliza Musyoka: kama mbuzi zilirudi, huyu bibi kwako ni nani? Siku akifa utamzika kama nani?

"Yeye si mtu mbaya," Syombua akasema juu ya ndugu yake. "Ameulizwa na watu akakosa jibu. Wiki mbili sasa hamsalimii Mwaitu kwa jina la mkwe. Anasema tu, 'umeamka?'"

"Na wewe ulimwambia si kweli?"

"Nilimwambia. Akasema mimi ni lazima niseme hivyo."

Mwaitu alisikia yote. Hakuinua kichwa. Nikamwambia pole, akasema, "Chai itapoa."

Nunguni, Jumamosi asubuhi. Mwethya walikuwa wanalima kwa Musyoka mwenyewe. Syombua alinipa jembe kwa sababu kule huwezi kwenda kusimama ukiongea huku wengine wanachimba. Tulichimba mtaro na kurusha udongo juu, na mikono yangu ya kuuza ndengu ikachubuka mapema. Hakuna aliyenicheka. Ningependa wangenicheka. Walipokaa kula muthokoi wa mahindi, Musyoka, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, akaja akasimama.

"Mama, karibu. Nimeambiwa una neno."

Nilikuwa nimelipanga usiku. Lilinipotea lote. "Ile hadithi ya Ndinda ni yangu," nikasema. "Ile ya mbuzi kurudishwa, nilitunga."

"Ulitunga kusema nini?"

"Haikufanyika. Hakuna mtu aliniambia. Niliiweka mimi."

Wanawake wakaangaliana. Mmoja, aliyekuwa na kijiko mkononi, akasema, "Na ile ya Ndinda kulia kanisani nyuma kabisa, mpaka pasta akasimamisha wimbo?"

"Hiyo ni ya kweli."

"Na ya miche ya kwanza kukauka yote?"

"Kweli."

Musyoka akauliza polepole, kama mtu anayetaka kujua, si kama mtu anayegombana: "Sasa sisi tungejuaje ipi ni ipi?"

Nilisema, "Hamngejua." Yule wa kijiko akasema, "Kwa hivyo ulichukua ukweli wa huyu ukaupakia uongo juu, kama gari la mkaa," na wengine wakacheka kidogo. Alisema kweli. Nilihisi uso wangu unawaka, na baridi yote ile.

Hapo Mwaitu Kalunda akaongea. Alikuwa ameletwa akakaa kwenye jiwe. "Musyoka, mimi nilikuwa mbaya. Msimfanye huyu mama ameongopa kila kitu. Ile miaka ya kwanza nilimtesa Syombua. Nilikuwa naonja mboga yake namwaga mbele ya wageni. Angekuja kuniuliza ningemwambia, na angepata hadithi." Akanigeukia. "Lakini kumrudisha, hapana. Hilo sikufikiria hata siku nilipokuwa na hasira. Umenipa ubaya ambao sio wangu, na wangu ukauacha."

Syombua alikuwa anatazama chini. "Ile mboga ilikuwa imeungua, Mwaitu," akasema.

"Ilikuwa imeungua kidogo."

Musyoka akaniambia kwamba neno lilitoka kwa sauti yangu, na litarudi kwa sauti yangu, hapo hapo, wote wakisikia. Nikatoa simu. Nikasema jina langu, nikasema hakuna mbuzi aliyedaiwa wala kurudishwa, kwamba mama mkwe wa kweli alimfuata mke wa mwanawe mpaka huku na anaishi naye. Nilisema mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sauti yangu ilijificha na Musyoka akasema haisikiki. Nikatuma kwa kikundi.

Musyoka akaenda mbele ya lile jiwe akainama. "Mkwe wetu," akamwambia Mwaitu, kwa sauti ya kutosha kila mtu, "utakaa. Na siku ikifika utalala huku kwetu, hapo juu karibu na baba."

"Karibu na baba yako hapana," Mwaitu akasema. "Mimi na yeye ni wakwe, tutaoneana haya milele. Niweke chini, upande wa miche."

Walicheka mpaka yule mwenye kijiko akamwaga muthokoi. Mimi sikuweza kucheka. Syombua alinisogelea, akaniambia kwa sauti ndogo, "Hiyo ya Ndinda, usichapishe." Mwenyekiti wetu alikuwa ameahidi iingie kwenye kijitabu cha mkutano wa akina mama, na Syombua alijua. Nikasema sawa. Akasema tena, "Sijakasirika sana. Lakini usichapishe."

Kurudi, Jumapili. Mutua alipakia kabichi, na njiani nilimwambia yote. Karibu na Machakos akasema, "Kumbe ningemwacha barabarani mama wa watu."

Kwa Vonza alisimama aangalie gurudumu, nikashuka kununua ndizi. Nilipouliza bei, yule mwanamke wa ndizi akaacha kufunga mfuko.

"Hiyo sauti naijua. Wewe ni wa Ndinda." Akawaita wenzake wawili wa meza za jirani. "Huyu ndiye yule wa mbuzi. Haki, ulitumaliza. Kile kipande nimekituma mpaka Mombasa."

Nikamuuliza kama amepata sauti niliyotuma Jumamosi. Hakuwa amepata. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amepata. Kwa hivyo nikasimama pale, pikapu inanguruma, nikawaambia kwa mdomo: mbuzi hazikudaiwa, mama mkwe aliondoka na kiti na kuku akamfuata mkaza mwana wake, na mpaka leo wanapanda miche pamoja.

Walisikiliza vizuri, sitawasingizia. Yule wa ndizi alifikiri kidogo akiwa amenishikia mfuko.

"Ni sawa," akasema. "Lakini ile ya mbuzi ilikuwa tamu zaidi."

Ningeweza kubisha, lakini nilijua na mimi naiona tamu zaidi. Niliichagua kwa utamu huo, na hata nikiwa nimesimama pale na mikono iliyochubuka, kuna sehemu yangu ilifurahi kusifiwa. Hilo ndilo nimejifunza juu yangu, na silipendi. Lingine ni hili: nilijiita mtungaji wa wanawake wanaoanza upya, na mmoja alianza upya akiwa na miaka sabini na zaidi, mbele ya mwanawe na watu wote, nami nikamweka kwenye hadithi kama adui kwa sababu sikuwahi kuuliza yuko wapi.

"Nitumie hiyo yako mpya," yule mwanamke akasema. "Nitawatumia wa Mombasa pia."

Nikamtumia. Alibonyeza nikiwa bado hapo, akaweka simu sikioni, na mimi nikasimama kando ya meza ya ndizi nikijisikiliza nikisema, kwa sauti ambayo hata mara ya pili haikuwa kubwa, kwamba nilidanganya.